Ukurasa Uliotangulia Mabwawa

Walimwita Bi Ukurasa, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Labda ni yule kinyozi wa chini ya ofisi aliyofanyia kazi, maana ndiye mteja wake wa kwanza kabisa. Kinyozi huyo alikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na lawama zisizokwisha: kila mtu akitafuta kinyozi kwenye simu anapelekwa kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye, kwa maneno yake, hajui hata kushika mkasi. Bi Ukurasa akamtengenezea tovuti ndogo, akampiga picha akiwa na koti jeupe, akawaomba wateja wake waseme neno zuri mtandaoni. Miezi mitano baadaye, ukiandika "kinyozi" katika eneo lile, jina la kwanza kutokea lilikuwa lake. Alivimba kichwa mpaka akaanza kuwapanga watu foleni hata siku ambazo watu hawapo.

Kazi yenyewe, tusidanganyane, wengi hawaielewi. Hata jamaa zake walidhani anarekebisha kompyuta, wakawa wanamletea simu zilizoingia maji. Yeye alikuwa mtu wa masoko. Zamani mwenye duka alipaka ukuta rangi kali na kuweka kibao. Siku hizi mnunuzi anaiuliza simu, anatazama majina mawili matatu ya mwanzo, na waliobaki ni sawa na kufunga duka. Bi Ukurasa alikuwa na programu iliyomwonyesha watu wa eneo gani wanauliza nini, na mara ngapi kwa mwezi. Mtoto anakoroma ni ugonjwa? Mume hapokei simu nifanyeje? Rangi ya nywele isiyochubua kichwa? Alikuwa akizisoma asubuhi na mapema, kabla feni ya ofisi haijawashwa na wenzake hawajafika, na mara nyingine alicheka peke yake, mara nyingine akaona huruma. Kisha anachagua swali, anamwandikia mteja ukurasa unaolijibu kwa maneno yale yale ya muulizaji. Hapo alikuwa hana mpinzani.

Lakini ukurasa haupandi siku uliyouweka. Unakaa miezi, mitambo inayopanga majibu inauzoea polepole, ndipo unaanza kusogea. Kwa hiyo pale ofisini kulikuwa na desturi: andika mapema. Nyumba ya wageni iliyotarajiwa kufunguliwa mwisho wa mwaka iliandikiwa ukurasa ikiwa haijaezekwa. Mwoka keki aliandikiwa sifa za keki zake za harusi akiwa bado anatafuta jiko. "Wacha ukomae," bosi alikuwa akisema, mikono mfukoni, kama mtu anayezungumzia ndizi. Na kweli paa lilikuja, jiko likaja, hakuna aliyelalamika. Ndiyo maana sikubali watu wanaposema Bi Ukurasa alipotoshwa. Desturi aliikuta, lakini akili ya kuihoji alikuwa nayo, tena nyingi.

Sasa aje Mzee wa Rangi.

Huyu alikuwa na kiwanda cha kupaka nguo rangi, jinzi hasa, pale bondeni mwisho wa mji. Alipanda ngazi za ofisi akihema, kucha zake zina ubluu usiotoka, akakaa kwenye kiti cha Bi Ukurasa badala ya kile cha wageni. Wanunuzi wake wakubwa, alisema, wameanza maswali. Zamani waliuliza bei na siku ya kufikisha mzigo. Siku hizi wanauliza maji machafu yanakwenda wapi.

"Na yanakwenda wapi?" akauliza Bi Ukurasa.

"Yanakwenda mferejini, mwanangu, yaende wapi tena?" Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini nachimba mabwawa. Matatu! Maji yanaingia la kwanza yanatulia, yanaingia la pili yanachujwa kwa mchanga na mkaa, la tatu unaweza kufuga samaki. Nataka ulimwengu ujue."

Hakuwa tapeli, hilo tulielewe. Bi Ukurasa alikwenda mwenyewe bondeni akaona. Bwawa la kwanza lilikuwa limechimbwa na kusakafiwa. La pili na la tatu yalikuwa vigingi vya mbao vilivyofungwa kamba, na katikati ya kamba nyasi. Mzee alimtembeza juani, akimwonyesha kwa fimbo mahali bomba litakapopita, na macho yake yaling'aa kwa furaha ya kweli. Bi Ukurasa alirudi mjini ameridhika. Angalau mara hii, aliwaza, ninauza kitu chenye maana.

"Andika yamekamilika," bosi akasema. "Mpaka ukurasa upande, mabwawa yatakuwa tayari zamani."

Aliandika yamekamilika. Aliandika kwamba kiwanda kinajali vizazi vijavyo, kwamba kila tone huchujwa mara tatu kabla ya kutoka getini. Maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kisha, kama kawaida yake, akafungua ile programu aone watu wa bondeni wanauliza nini, akakuta swali linalojirudia mara thelathini, arobaini kwa mwezi: maji ya bluu ya mfereji yana madhara? Na chini yake jingine: maji ya kiwanda yanafaa kumwagilia mboga?

Pesa ya mteja haikuhusu swali hilo. Mzee wa Rangi hakuligusa, wala bosi. Lakini swali linaloulizwa sana na lisilo na jibu ni kama kiti kitupu kwenye chumba kilichojaa, na Bi Ukurasa hakuwahi kukiona kiti kitupu akakiacha. Akaandika: "Hapana, hayana madhara. Baada ya kuchujwa mara tatu, maji ya kiwanda ni salama na yanafaa hata kumwagilia mboga." Akalisoma jibu lake mara mbili, akaliona fupi, safi, linasomeka. Akalipeleka, akaenda kunywa chai.

Ukurasa ulipanda kwa wiki saba. Ofisi nzima ilishangaa. Bosi alimvisha kilemba cha ukoka mbele ya wenzake, eti hakuna kama yeye mji mzima, na Mzee wa Rangi akamletea suruali mbili za jinzi, moja imempwaya na nyingine haipandi. Oda zilimiminika. Na kwa sababu zilimiminika, Mzee alihitaji mashine nyingine ya kupaka rangi, mashine ikala fedha za mabwawa, na mafundi wakaondoka na sepetu zao. Yote haya Bi Ukurasa aliyajua. Alimpigia Mzee mwezi wa kwanza kuuliza, akaambiwa, "Subiri kidogo, mwanangu, nimalize oda hizi." Akamwambia bosi. Bosi akajibu kwamba ukurasa ukifutwa leo, kuurudisha juu ni mwaka mzima. Bi Ukurasa akajikausha, akaendelea na kazi nyingine.

Na hapa nimlete Mama Mkubwa, ambaye nilipaswa kumtaja tangu mwanzo, maana ndiye aliyemlea. Mama yake Bi Ukurasa alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na dada mkubwa wa marehemu akamchukua bila kikao wala maneno. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili huko huko bondeni, na nyuma yake matuta ya spinachi, kabichi na vitunguu yanayoshuka hadi ukingo wa mfereji. Mboga hizo ndizo zilizomvalisha Bi Ukurasa viatu vya shule na kumfikisha chuoni. Mfereji wenyewe aliujua tangu utoto: siku za jinzi ulikuwa bluu, siku nyingine kahawia, na Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kuuacha. Miaka miwili iliyopita, baada ya miche kukauka, alikata kauli kuchota maji bombani juu ya kilima, ndoo mbili mbili, asubuhi na jioni, kwa miguu ya mtu wa miaka sitini na minane.

Ndiyo maana Bi Ukurasa alipoandika lile jibu hakumfikiria. Mama Mkubwa anachota bombani. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Alikuwa hajakwenda kumwona miezi mitatu. Alituma hela kwa simu na kujiona amefika. Jumapili moja mwezi wa nne alikwenda, amebeba sukari na mafuta, akamkuta amekaa kizingitini na miguu ndani ya beseni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mgeni wetu. Leo jua limekosea njia?"

"Kazi, Mama. Kazi zimenibana."

"Zikubane tu, ndiyo uzima." Akacheka. Kisha akatoa mguu mmoja kwenye beseni kuupangusa, na Bi Ukurasa akaona. Kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, na kati ya vidole imepasuka.

"Mama, hii nini?"

"Aa, upele tu. Nimeambiwa nipake mafuta mazito."

"Tangu lini?"

"Tangu nimerudi mferejini." Alisema kwa raha, kama mtu anayesimulia bahati. "Mwanangu, nimepumzika! Kile kilima kilikuwa kinaniua. Mwezi wa pili huko nikasema, ngoja niulize. Si wewe ulinifundisha kuiuliza simu kwa mdomo, maana macho haya hayana kazi tena? Nikaiuliza, maji ya kiwanda yanafaa kumwagilia mboga? Ikanijibu vizuri, sauti ya binti mwenye adabu. Yanachujwa mara tatu. Ni salama. Hata mboga. Nikairudia mara tatu ili nishike. Ndoo nimezitundika."

Bi Ukurasa alisikia maneno yake mwenyewe, yale mafupi, safi, yanayosomeka, yakitoka kinywani mwa mtu anayempenda kuliko wote duniani. Mama Mkubwa aliendelea. Alisema jirani wa kushoto naye amerudi mferejini, na wa nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyewasikilizisha simu.

"Mama, hayo maji acha. Tafadhali."

"Kwa nini? Umesikia nini?"

Angeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu mwingine. Akamung'unya maneno: labda mitambo imeharibika, labda simu ilikosea.

"Simu haiwezi kukosea hivyo," Mama Mkubwa akasema kwa upole. "Imeandikwa na watu waliosoma. Watu kama wewe."

Aliondoka kabla ya chakula, akisingizia kichwa, na kichwa kweli kilimuuma. Usiniulize kwa nini hakusema. Aliogopa. Mtu mzima, mwenye kazi, mwenye jina, aliogopa uso wa mama yake kama siku alipovunja chungu akiwa na miaka tisa.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wote. Hakusoma maswali ya watu. Aliingia kwenye tovuti ya kiwanda akaufuta ukurasa wote, mabwawa, vizazi vijavyo, jibu la mboga, kila kitu. Akakaa akihema. Kisha akachukua simu yake akauliza lile swali kwa mdomo, kama Mama Mkubwa, na ile sauti ya binti mwenye adabu ikamjibu vile vile, neno kwa neno. Akatafuta kwa nini. Dalali wa viwanja vya bondeni alikuwa amelinakili jibu kwenye tovuti yake ili auze viwanja. Duka la jinzi limelinakili. Gazeti dogo la mtandaoni limelinakili na kuandika juu yake "Wataalamu wasema". Hesabu yake ilimpa nakala kumi na moja, kisha akaacha kuhesabu. Aliandika haraka haraka ukurasa mwingine kwa jina lake mwenyewe: maji ya mfereji wa bondeni hayachujwi, msiyatumie. Alipoutafuta, haukuonekana. Alijua hautaonekana. Ulikuwa unahitaji miezi ukomae.

Bosi aliingia saa nne, akakuta ukurasa haupo, na kufikia saa sita alikuwa ameurudisha kutoka kwenye nakala ya akiba.

"Dada, umerogwa?"

"Bosi, watu wanayatumia yale maji. Mama yangu miguu imechubuka."

Bosi hakuwa na roho ya jiwe, naye alikuwa na mama. Lakini alitazama dirishani, akatazama saa, akasema atazungumza na Mzee wa Rangi waone namna ya kurekebisha maneno kidogo bila kuupoteza ukurasa. Wiki ijayo. Oda ya mwisho wa mwezi ikitoka.

"Wiki ijayo wanakula mboga gani?" Bi Ukurasa akauliza.

"Usinifanye mimi ndiye niliyeandika ya mboga," bosi akasema.

Hilo lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Alichukua mkoba wake akashuka ngazi. Kinyozi alimpungia mkono, hakumwona.

Bondeni alimkuta Mama Mkubwa kati ya matuta, kibuyu cha kumwagilia mkononi, sketi ameipandisha, maji yenye ubluu yakimchuruzika miguuni. Hakuamkia. Alisimama mwisho wa tuta akasema yote kwa pumzi moja, kwa kuwa alijua akinyamaza tu hataanza tena.

"Mama, yale maneno ya simu niliyaandika mimi. Mabwawa hayapo. Kuna moja tu, na halifanyi kazi. Hayachujwi hata mara moja."

Mama Mkubwa alikiweka kibuyu chini taratibu, kana kwamba kimejaa mayai.

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

"Walikulazimisha."

"Ya mabwawa niliambiwa niandike."

"Na ya mboga?"

Hapo ndipo angeweza kujipunguzia. Bosi, desturi ya ofisi, maswali arobaini kwa mwezi. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Ya mboga niliongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniomba."

Mama Mkubwa hakupiga kelele. Ningependa kukwambia alipiga, maana Bi Ukurasa aliomba moyoni apigiwe kelele, atukanwe, afukuzwe. Bibi yule aliitazama miguu yake kwanza, kisha matuta, moja baada ya jingine, mpaka chini ukingoni. Spinachi ilikuwa imestawi, majani mapana, meusi kwa ubichi.

"Miguu yangu si kitu," akasema. "Mimi nimewauzia watu."

Aliinama akaanza kung'oa. Bi Ukurasa akapiga magoti kwenye tuta la pili ili amsaidie.

"Usiguse."

Akasimama, mikono ina udongo, hajui aiweke wapi. Mama Mkubwa aling'oa tuta zima peke yake, akirusha mboga nyuma bila kutazama zinaangukia wapi, na machozi aliyafuta kwa bega. Bi Ukurasa alilia pia, na hakuna aliyembembeleza.

Wakati huo mlango wa uani ukabishwa hodi. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka pale, kanga mbili, kikapu mkononi, mtoto wa miezi minane mgongoni. Alikuwa mnunuzi wa kila Jumatatu na kila Alhamisi. Akaziona mboga zilizotapakaa akashika mdomo.

"Kulikoni, Mama? Wadudu?"

Mama Mkubwa alinyoosha mgongo. Alimtazama yule mwanamke, kisha akamgeukia Bi Ukurasa, na ule uso aliouogopa tangu Jumapili ukawa mbele yake.

"Mwambie," akasema.

Bi Ukurasa, ambaye maneno ndiyo yaliyomlisha miaka kumi, alianza mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akaweza. Alisema kiwanda, alisema mfereji, alisema maji hayajawahi kuchujwa, alisema aliyeandika kwamba ni salama ni yeye anayemwona hapa. Mwanamke alisikiliza bila kupepesa macho. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni, na mkono ukasimama.

"Huyu nilimwanzishia chakula kwa spinachi ya hapa," akasema. "Naiponda, nampa kila siku. Sasa nimempa nini?"

"Sijui, dada," Bi Ukurasa akasema. "Mpeleke hospitali, nitakwenda na wewe. Lakini sijui."

Mwanamke alirudi nyuma hatua moja, kama anayemkinga mtoto na mtu mwenye ugonjwa, akatoka bila kuaga. Lango likabaki wazi. Mama Mkubwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunga vitambaa miguuni kimoja kimoja, akaingiza miguu kwenye kandambili kwa shida, akasimama.

"Ninao wateja kumi na saba," akasema. "Huyo ni mmoja. Tangulia."